Kagua Mgongo Kwanza



Ukitaka kujua kitabu kimeandikwa vipi, muulize mhakiki. Ukitaka kujua kimeuzwa nakala ngapi, muulize mchapishaji, ingawa jibu atakalokupa usilimeze lote. Ukitaka kujua kitaishi muda gani, nenda kwa mkutubi. Wakutubi ndio wanaobaki na kitabu baada ya hotuba za uzinduzi kwisha na soda kumalizika, na ndio watu ambao huwa hatuwaulizi lolote. Mimi nilibahatika kuzunguka na mmoja wao kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yale ya mwezi wa Septemba kule Sarit Centre, Westlands, na tangu hapo kitabu sikishiki tena kama nilivyokuwa nikikishika.

Rafiki yangu huyu anasimamia maktaba ndogo ya umma huko Pwani. Jina lake silitaji, maana ni mtumishi wa kaunti, na mtumishi wa kaunti akitajwa redioni, hata kwa wema, huitwa ofisini Jumatatu kujieleza. Watoto wanaokwenda kusoma pale kwake humwita Mama Maktaba, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuja kwa basi la usiku, akashuka Nairobi alfajiri amejitanda leso juu ya sweta, akiilaumu baridi yetu kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Mkobani alikuwa na daftari, miwani, chupa ya chai, na rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita thelathini.

Rula hiyo ilituchelewesha mlangoni. Westlands hakuna anayenung'unika kukaguliwa mkoba. Jumba la maduka la Westgate, lililoshambuliwa na magaidi, haliko mbali na pale, na ni humo alimouawa mshairi wa Ghana, Kofi Awoonor, tarehe 21 Septemba 2013, naye alikuwa amekuja Nairobi kwa shughuli za vitabu. Kwa hivyo tulifungua mikoba bila maneno. Askari akaitoa rula, akaigeuza, akauliza, "Hii ni ya nini, mama?" Akajibiwa, "Ya kupimia vitabu." Yule bwana akanitazama mimi, kama anayeuliza iwapo huyu mgeni wangu yuko sawa. Nikamwambia apitishe tu, hata mimi nasubiri kuona.

Sasa, wewe ambaye hujawahi kufika, nikueleze ukumbi ulivyo. Maonyesho haya huandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya, na yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu anayeingia mara ya kwanza hutarajia riwaya na mashairi. Anachokutana nacho ni Gredi ya Nne, Gredi ya Tano, Gredi ya Sita. Ukutani, mezani, kwenye mabango, kwenye fulana za wauzaji. Hisabati, Kilimo, Sayansi, na vitabu vya marudio vyenye majalada yanayopiga kelele. Sababu inajulikana. Soko la vitabu la Kenya ni shule. Na tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua yenyewe kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo na kukifikisha moja kwa moja shuleni, mchapishaji aliyepata zabuni anapumua, aliyeikosa anahema. Wenye maduka ya vitabu katika miji midogo, waliokuwa wakitegemea msimu wa Januari, wao walibaki wakitazama malori yakipita.

Kwa hivyo mimi simlaumu mchapishaji kwa kuitanguliza Gredi ya Nne. Kila mtu huanika mbele kile kinachomlisha. Hadithi zenyewe ziko, tena nyingi, ila ziko rafu ya chini, nyuma ya kiti cha muuzaji, mahali ambapo lazima uiname.

Mama Maktaba aliinama.

Akachomoa riwaya moja ya Kiswahili. Macho yangu yalikimbilia jina la mwandishi, kama ilivyo kawaida yetu sisi wasomaji. Yeye jina hakulitazama. Alikifungua kile kitabu katikati, akakikunja mpaka jalada la mbele likagusana na la nyuma, akakitegea sikio. Kitabu kikalia, tak! Kijana wa banda akaruka kitini: "Madam, utakiharibu!" Mama Maktaba akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nimekikunja mara moja tu. Kwangu kitakunjwa na watoto mia."

Halafu akanivuta pembeni akanifunza, na somo lenyewe ni fupi. Vitabu vyetu vingi vya hadithi hufungwa kwa njia mbili. Vile vyembamba kabisa hupigwa pini mbili katikati, basi. Vinene kidogo hukatwa mgongoni, kurasa zikapakwa gundi na kubandikwa jalada. Ile gundi ikiwa ya bei ya chini, joto la Pwani huikausha, ikakatika kama biskuti. Ukurasa wa kwanza hung'oka, ukafuata wa katikati, na mtoto wa tano kuazima hupewa hadithi isiyo na mwisho. Njia ya tatu ni ya kushona: kurasa hukunjwa mafungu mafungu, kila fungu likapigwa uzi kabla gundi haijagusa chochote. Kitabu cha aina hiyo ukikitazama kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo, utaona mikunjo midogo midogo imejipanga. Kitabu cha gundi tupu utaona mstari mmoja ulionyooka. Sasa unajua. Siku nyingine dukani, kabla ya kusoma sifa zilizoandikwa nyuma ya jalada, tazama pale juu.

Vitabu vikimfumukia, Mama Maktaba hushona mwenyewe. Ana sindano ya fundi viatu, ana uzi uliopakwa nta, ana gundi nyeupe ya seremala, na kila Ijumaa mchana, maktaba ikiwa na wasomaji wachache, huketi dirishani kutibu majeruhi wake. Hilo si jukumu lililoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Lakini nakala ya pili hana, na mtoto akija kuulizia hadithi iliyobaki nusu, hawezi kumwambia asubiri bajeti.

Rula ilitoka mkobani mchana. Alikuwa akipima unene wa migongo, na hapo ndipo mambo ya maktaba yaliponipa raha kweli. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba, na namba nyingi duniani zinafuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, aliouchapisha mwaka 1876. Fasihi iko kwenye mia nane. Kiingereza kimepewa 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, kila kimoja na nafasi ya kunyoosha miguu. Lugha nyingi nyingine zimerundikwa kwenye 890, Afrika ikapata 896, na fasihi ya Kiswahili, lugha hii tunayozungumza mimi na wewe kutoka Lamu hadi Lubumbashi, ikakaa kwenye 896.392. Tarakimu sita na nukta katikati! Sina haja ya kumfufua Dewey tumshtaki. Mtu hupanga nyumba kulingana na wageni anaowajua. Tabu ni kwamba namba hiyo huandikwa kwenye lebo, na lebo hubandikwa mgongoni, na mgongo wa hadithi ya kurasa sitini iliyopigwa pini haupo. Haupo kabisa. Kwa hiyo lebo hubandikwa juu ya jalada, kitabu kikasimamishwa rafuni katikati ya majitabu manene ya Kiingereza, na mtoto akipita haoni kitu.

Akanionyesha kwa rula: sentimita moja na nusu ndiyo anayoitaka ili lebo ikae na jina lisomeke. Aliyopata katika mabanda mengi ni milimita nne, milimita tano. "Kiswahili hakikosekani maktabani kwangu," akasema, "kimejificha tu." Nikamwambia wembamba ndio unaoshusha bei. Akaniambia hilo analijua. Lakini mbona hadithi tatu za mwandishi mmoja haziwezi kufungwa pamoja, kwa uzi, zikawa kitabu chenye mgongo? Sikuwa na jibu, na muuzaji aliyekuwa akitusikiliza alijifanya ana simu ya kupokea.

Kuna mchezo mwingine alionifunza, huu ni wa bure. Geuza kitabu, tazama ile namba ya ISBN karibu na mistari myeusi. Baada ya 978 inafuata namba ya nchi. Ukiona 9966 au 9914, kimesajiliwa Kenya. Ukiona 9976 au 9987, ni Tanzania. 9970 ni Uganda. Tukawa tunatembea banda kwa banda tukigeuza vitabu kwa mashindano. Kitu kimoja kilinishangaza: vitabu vya Tanzania vilikuwa vichache mno kuliko nilivyodhani, na hapa tunazungumzia nchi ambayo watoto wake husoma shule nzima ya msingi kwa Kiswahili katika shule za serikali. Kitabu cha Dar es Salaam kufika Mombasa ni safari ya siku moja kwa barabara. Kinafika kwa nadra, kikifika kinafika mkobani mwa mtu. Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, yeye aliletewa na shemeji yake kutoka Tanga. Mwandishi ni wa Zanzibar, mshindi wa Nobeli ya mwaka 2021, hadithi yenyewe ni ya watu wa mwambao na misafara ya bara, na maktaba ya mwambao inaipata kwa hisani ya shemeji.

Adhuhuri mabasi ya shule yalikuwa yamefika. Kama umewahi kuwaona watoto elfu wa sare wakiachiliwa kwenye ukumbi mmoja, unajua. Wanakusanya kila kinachotolewa bure: vibandiko, alamisho, katalogi, peni. Walimu wanaita majina. Pale nilidhani tutakimbilia chai, kumbe Mama Maktaba alikuwa akisubiri saa hiyo. Alitafuta kiti pembeni ya banda moja lenye hadithi nyingi, akaketi, akafungua daftari, akawa anatazama miguu.

Ndiyo, miguu. Alinieleza kwamba mtoto anayechukua kitabu kwa sababu mwalimu anamwona husimama vidole vikielekea nje, tayari kuondoka. Kitabu kikimnasa, hubadilisha mguu, anauegemeza uzito upande mmoja, na akiendelea zaidi hukalia kisigino au huegemea meza. Akimwona wa namna hiyo, anaandika jina la kitabu. Hafuati tuzo, hafuati magazeti, hafuati hata maoni yangu, na nilimpa maoni mengi. Msichana mmoja wa kama miaka kumi alisoma amesimama mpaka kurasa zikaisha. Muuzaji alimwendea na kumuuliza kama ananunua, Mama Maktaba akamzuia kwa mkono, "Muache amalize, mwanangu, huyu ananifanyia kazi mimi." Kilikuwa kitabu cha fisi mlafi na harusi. Mimi nisingekigusa: picha zimekolezwa rangi kupita kiasi, jina halivutii. Kiliandikwa daftarini na nyota mbili.

Kuna jambo moja tulibishana. Nilitaka achukue vitabu teule vya fasihi vya sekondari, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kwa sababu hivyo ndivyo vijana wanavyovitafuta kwa jasho. Alikataa. Anasema kitabu teule kikiingia maktabani, ukumbi unageuka darasa: wanafunzi wanakuja kwa ajili yake, wananukuu mwongozo, wanaondoka, na mtu mzima aliyekuja kusoma gazeti hapati kiti. Mimi sikubaliani naye mpaka leo. Kijana aliyeingia maktaba kwa sababu ya mtihani ameingia, na mlango ni mlango. Ken Walibora wengi tulimjua kupitia Siku Njema tulipolazimishwa kuisoma shuleni, na hatukumwacha tena mpaka alipofariki mwaka 2020. Lakini maktaba ni yake, funguo ni zake, na mimi mgeni nilinyamaza.

Basi alipomaliza orodha yake akarudi mabandani kununua. Hapo, msikilizaji, ndipo nilipotaka kukufikisha.

Banda la kwanza, kitabu alichokitaka hakiuzwi. "Hiki ni cha maonyesho tu, madam. Sampuli." Nakala ziko ghala, ghala liko Industrial Area, ghala limefungwa kwa sababu wafanyakazi wote wako hapa kwenye maonyesho. Banda la pili walikuwa na nakala, wakauliza kwa uchangamfu analipa kwa M-Pesa ama vipi. Akasema nyingine atalipa yeye, lakini kwa nyingi anataka wamwandikie makadirio ya bei ili kaunti itoe hati ya ununuzi. Neno kaunti lilipotoka, ule uchangamfu ukapoa. Hawakumkatalia. Waliandika makadirio, wakapiga muhuri. Ila nilimwona bibi wa hesabu akiyaandika kama mtu anayeandika barua ya kwenda mwezini, maana kila mfanyabiashara wa Kenya ana hadithi ya jirani yake anayeidai kaunti fulani tangu gavana aliyetangulia.

Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, pamoja na makumbusho, bustani za umma na viwanja vya michezo. Kwenye karatasi ni jambo jema: maktaba iko karibu na mwananchi, mwananchi yuko karibu na anayeipangia pesa. Kwa vitendo, maktaba zilijikuta kwenye foleni moja na barabara, zahanati na visima. Katika foleni hiyo kitabu hakina sauti. Barabara mbovu ina abiria wa kuisemea, zahanati isiyo na dawa ina wagonjwa. Rafu tupu haimuumizi mtu yeyote siku hiyo. Kwa hiyo pesa za maktaba zikipatikana hulipa mshahara, umeme na mlinzi, na fungu la kununua vitabu, kwa Mama Maktaba, huwa ni mstari ulioandikwa vizuri wenye tarakimu ndogo mbele yake.

Na hata hizo ndogo hazifiki zote. Tangu Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, kitabu Kenya kinatozwa VAT ya asilimia 16. Kitabu cha shilingi 500 kabla ya ushuru, wewe unalipa 580. Katika kila shilingi 1,160 ambazo mkutubi ameziomba kwa magoti, 160 zinarudi kule kule serikalini. Kaunti inapewa pesa na serikali, maktaba inapewa na kaunti, kisha maktaba inairudishia serikali sehemu yake kwa kosa la kununua kitabu cha fisi. Wachapishaji wamelalamika juu ya kodi hii kwa miaka, na kwa mara moja mimi nipo upande wao bila masharti.

Ndiyo maana migongo ni myembamba. Mchapishaji humtengenezea kitabu mtu anayekinunua, na anayenunua ni mzazi anayetaka kitu cha bei ya chini cha kumalizia muhula. Hakuna anayekaa ofisini Nairobi akifikiria kitabu kitakachopita mikono mia, kwa sababu mwenye mikono hiyo mia haji na pesa. Na mkutubi akitazama rafu za Nairobi anaona vitabu visivyomfaa, anarudi nyumbani na vichache. Kila upande unamtazama mwenzake unasema: anza wewe.

Pengo hilo hujazwa na misaada. Sina ubaya nayo. Shirika la Uingereza la Book Aid International limekuwa katika kazi hii tangu mwaka 1954, na kuna madaktari na wahandisi Afrika hii waliosomea vitabu vya msaada kutoka huko. Mama Maktaba huvipokea, huvifunika plastiki, huvitunza. Lakini mtu hukupa alicho nacho, na mchapishaji wa London hana Kiswahili ghalani. Matokeo yake ni kwamba maktaba ya mji ambao watu wake huamkiana, hugombana, husali na kuchumbiana kwa Kiswahili ina rafu nane za Kiingereza na moja na nusu ya lugha ya mji.

Nikamuuliza mbona wakutubi hawalisemi jambo hili kwa wachapishaji ana kwa ana. Wanasema, akajibu, ila wanasemezana wenyewe. Wana mikutano yao: ule mkubwa wa dunia wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ulikuja Nairobi mwaka 1984, na wa nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika hufanyika kila baada ya miaka miwili. Wachapishaji nao wana maonyesho yao. Wanahabari tunapokumbuka maktaba tunakimbilia ngamia. Unawajua wale ngamia wa Garissa waliobeba vitabu kuwapelekea wafugaji kuanzia mwaka 1996? Kila mgeni aliyewahi kusikia maktaba ya Kenya amewaona pichani. Mama Maktaba ana wivu nao wa wazi. "Ngamia wale," aliniambia, "wamepigwa picha nyingi kuliko mawaziri. Hakuna aliyewahi kuuliza masanduku yana kitabu gani ndani."

Kesho yake, kabla ya basi lake, nilimpeleka Banda Street kuiona Maktaba ya McMillan, maana alikuwa hajaiona kwa macho. Jengo la mwaka 1931, nguzo ndefu za mbele, simba wawili wakilinda ngazi. Lilijengwa kumkumbuka tajiri mmoja, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Mama Maktaba alisimama chini ya simba akapiga picha kama watalii wote. Kisha akataka kwenda Kaloleni, mtaa uliojengewa wafanyakazi Waafrika enzi za Waingereza, ambako kuna maktaba ndogo iliyokarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017. Kule alikaa zaidi. Alikagua urefu wa rafu, akaridhika kwamba mtoto wa miaka sita anafika ya juu. Akatafuta Kiswahili, akakiona. Akakunja kitabu kimoja na kukisikiliza, mkutubi mwenzake akacheka, maana yeye pia hufanya hivyo.

Naona saa yangu inakwisha. Lakini sina budi kukueleza alivyoondoka, kwa sababu mambo hayajakwisha na huenda ukayasikia kwingine. Katika banda la mwisho siku ya maonyesho, mhariri mmoja mwenye subira alimsikiliza mpaka mwisho: uzi, mgongo wa sentimita moja na nusu, hadithi tatu ndani ya jalada moja, fisi wa nyota mbili akiwamo. Akapiga hesabu kwenye simu yake. Akasema kushona kunawezekana, ila si kwa nakala kumi. Mtambo hauwashwi kwa nakala kumi. Lete oda ya nakala mia tano, tutazungumza. Mama Maktaba aliandika namba hiyo daftarini na hakusema kitu.

Aliyokuwa nayo moyoni aliyasema ndani ya matatu tukienda kituo cha basi, vitabu vyetu magotini. Pwani kuna kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Wakutubi wao karibu wote anawajua, wengine alisoma nao. Kila kaunti ikishindwa kununua mia tano, je, sita zikiungana katika oda moja, nakala themanini na kitu kila moja? Nikamwambia idara sita za fedha hazitakubaliana hata juu ya rangi ya bahasha. Akasema anajua, ndiyo maana haanzi na idara za fedha. Kabla hatujafika kituoni alikuwa amempigia mwenzake wa Kwale, amempigia wa Lamu ambaye hakushika, na wa Taita Taveta alikuwa upande wa pili wa simu akimuuliza, nami nikisikia vizuri kabisa, kwani huyo fisi ana kurasa ngapi.